Ni Utani au ni Uonevu? Maswali Ambayo Wazazi, Walimu na Watoto wa Tanga Huniuliza Mara kwa Mara

Maswali haya sikuyatunga. Nimeyapokea kwenye vikao vya wazazi, kwenye baraza za Ngamiani, kwenye daladala ya Pongwe nikiwa na madaftari mapajani, na mengine yameletwa na watoto wenyewe kwa vikaratasi vilivyokunjwa mara nane. Nimefundisha shule za msingi hapa Tanga miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu wa malezi. Ninayojibu ni niliyoyaona kwa macho. Pale sheria inapohusika, nimeeleza inavyosema.

Sisi Pwani tumezoea kutaniana. Huo uonevu mnautoa wapi?

Hakuna kikao nilichokaa bila mzazi mmoja kusema hivi, na hasemi uongo. Utani tunao. Babu anamwita mjukuu wake mume mwenziwe. Msibani mtani anashika jeneza akidai apewe chochote ndipo maiti ipite, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Lakini utani una masharti. Ni wa kupokezana, leo wewe kesho mimi, na ukiugua mtani wako ni wa kwanza kubisha hodi.

Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Norway na kuanza kulichunguza jambo hili miaka ya 1970, alitaja mambo matatu yanayoutambulisha uonevu: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa, na nguvu zisizolingana. Mimi hutumia kipimo cha nyumbani. Mtazame yule anayetaniwa akirudisha. Akirudisha na wote wakacheka, waache, ni watani. Akirudisha akapigwa, au akawa hathubutu hata kufungua mdomo, hapo utani haupo.

Hata kipimo hicho kiliwahi kunipita mwenyewe. Nilikuwa na kijana darasa la tano, baba yake mvuvi wa Sahare. Alfajiri mtoto anakwenda pwani kusaidia kupokea samaki, kisha anakimbilia shule. Akiingia mlangoni wenzake wanabana pua: "Dagaa huyoo!" Asubuhi moja naita majina, nikajisahau, nikamwita Dagaa. Darasa zima likaangua kicheko, na yeye akacheka pamoja nao. Kile kicheko chake kikanidanganya. Baada ya wiki mbili mama yake akaja, kashika shati la shule. Alikuwa amemkuta mwanawe saa kumi za usiku analifua kwa dawa ya madoa isiyochanganywa na maji, vidole vimebabuka. "Mwalimu," akaniambia, "anasema hata wewe umemsikia harufu." Jibu sikuwa nalo. Mtoto anayeonewa hucheka pia, maana akinuna ndiyo watazidi.

Uonevu ni kupigwa tu?

Kupigwa ndiko kunakoonekana, basi. Kuna kunyang'anywa hela ya kula, kuitwa jina usilolitaka, kuvumishiwa, kufichiwa daftari siku ya kusahihishwa. Kuna kususiwa pia, ambako mimi naona ndiko kubaya kuliko yote: mtoto anafika kwenye kundi, wote wananyamaza, mmoja baada ya mwingine wanaondoka. Hapo hakuna jeraha wala shahidi. Ukimuuliza mwanafunzi yeyote amefanya nini atakujibu, "Mimi sijamfanya kitu," na kweli hajamfanya kitu.

Nitajuaje kama mwanangu anaonewa na hasemi?

Angalia mwenendo, maneno yatachelewa. Ulimpa mia tano ya mihogo na bado anarudi na njaa ya kufagia sufuria. Baiskeli yake haina upepo kila siku ya Mungu, na fundi anasema mpira hauna tundu. Njia ya kwenda shule ni dakika kumi, yeye anazunguka nusu saa. Tumbo linamuuma Jumapili jioni, Ijumaa mchana amepona. Anaingia nyumbani mbio anapitiliza chooni, kwa sababu vyoo vya shule ndiko wakubwa wanakokaa na amejibana tangu saa nne. Kalamu zinapotea, sare inachanika mahali palepale, alama zinashuka bila sababu.

Dalili moja peke yake haitoshi. Zikiwa tatu, kaa naye.

Nimuulizeje?

Usimkalishe mbele ya baba yake kama mshtakiwa. Watoto husema mikono ikiwa na kazi. Mpe mbuzi akune nazi, wewe chambua mchele, kisha uliza kitu chepesi: "Leo mapumziko ulikaa na nani?" Mtoto mwenye wenzake hutaja majina matatu bila kufikiri. Anayeonewa huangalia nazi.

Akianza kusema, nyamaza. Usiseme "na wewe ulimfanya nini?", hata kama unadhani alifanya. Usivae khanga ukatoka mbio kwenda kwa mama wa yule mtoto, maana kesho mwanao ndiye atakayelipia ugomvi wa watu wazima. Mwambie tu umesikia na mtalifanyia kazi pamoja. Usiku, akilala, andika: siku gani, wapi, nani alikuwepo. Daftari la shilingi mia tano litakusaidia kuliko hasira.

Si bora nimwambie arudishe? Akipigwa, naye apige.

Najua ndivyo tulivyolelewa, na wapo waliorudisha mara moja wakaachwa. Wale ndio wanaosimuliwa. Hawasimuliwi waliorudisha wakapigwa na watu watatu nyuma ya darasa, wala yule aliyerudisha mbele ya mwalimu wa zamu akaadhibiwa yeye, maana mwalimu aliliona konde la pili na la kwanza hakuliona.

Kumbuka maana yenyewe ya uonevu: nguvu hazilingani. Kumwambia wa darasa la pili apigane na wa darasa la sita ni kumtuma akaumie. Mfundishe badala yake sentensi moja fupi, aiseme kwa sauti na uso umekazwa: "Niache, sipendi." Kisha aondoke kwenda kwenye watu. Mfanyieni mazoezi nyumbani, wewe uwe yule mkorofi. Watoto hupenda sana kumkaripia mama yao.

Mimi ni wa darasa la sita. Rafiki yangu anaonewa, ila nikisema nitaitwa snichi. Nifanye nini?

Swali hili lilikuwa kwenye kikaratasi, bila jina, na nimelijibu mbele ya madarasa mengi kuliko jingine lolote.

Mwanangu, kwanza jua kwamba una nguvu kuliko unavyodhani. Watafiti wa Canada waliwahi kuwarekodi watoto wakiwa kwenye viwanja vya shule, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Mtoto mwenzao alipoingilia kati, zaidi ya nusu ya safari uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi. Sekunde kumi ni kuhesabu hadi kumi, tena taratibu. Finland nao, pale Chuo Kikuu cha Turku, waliunda programu ya shule iitwayo KiVa, na kazi yake kubwa ni kwa watazamaji. Kwa nini watazamaji? Kwa sababu mbabe hafanyi vitimbi vyake chumbani peke yake. Anataka watu wacheke. Akikosa wa kucheka, nusu ya utamu imekwisha.

Kwa hiyo si lazima upigane, wala si lazima umkaripie mtu. Usicheke. Nenda ukasimame upande wa rafiki yako. Mwite kama kuna jambo: "Njoo, mwalimu anakuita," au "twende tukacheze." Kaa naye kwenye foleni ya uji. Halafu mwambie mtu mzima unayemwamini, mkiwa wawili au watatu, ili isijulikane nani alianza kusema. Ukiitwa snichi, jina hilo litadumu wiki moja. Nimeyaona majina mengi yakija na kwenda pale shuleni.

Kwani ni tatizo kubwa kiasi hicho?

Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019, iliyokusanya takwimu za nchi nyingi, ilionyesha kuwa karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja ndani ya mwezi uliotangulia. Huko Norway, kampeni ya kitaifa ya mwaka 1983 ilianzishwa baada ya wavulana watatu kujiua mwishoni mwa 1982. Mtoto akikuambia amechoka kuishi, usimwambie aache maneno ya kipuuzi na usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Mimi ni mwalimu. Nikimkamata mwonevu nikamchapa mbele ya wenzake, si atakoma?

Atakoma mbele yako. Njiani kurudi nyumbani atamtafuta aliyemsemea.

Kanuni za mwaka 2002 kuhusu viboko shuleni zinataka visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu, na viandikwe daftarini. Wengi wetu hatuzifuati, tunajuana. Lakini hata vikiandikwa vizuri, tafakari mwanafunzi anajifunza nini: mwenye nguvu akikasirika, anampiga asiye na nguvu. Hilo tayari alikuwa analijua.

Mimi niliacha fimbo kwa kesi hizi, na sikuiacha kwa huruma. Niliona haifanyi kazi. Utaratibu wangu ni huu. Naita mmoja mmoja, kamwe si wote pamoja. Tabia yetu ya kuwasimamisha wawili ofisini na kuwaambia "peaneni mikono, yaishe" inamtisha aliyeonewa tu, kwa sababu mkono anaopewa ndio uliompiga. Naanza na aliyeonewa, kisha watazamaji, aliyeonea namweka mwisho, nikiwa tayari najua. Simuulizi "kwa nini?", atanitungia. Namwambia nimejua, kisha namuuliza atafanya nini kurekebisha. Akisema atarudisha hela, naandika ni kiasi gani na lini. Baada ya siku tatu naita tena. Baada ya wiki mbili naita tena. Kule kuita tena ndiko kunakofanya kazi, na ndiko tunakokusahau madaftari ya kusahihisha yakirundikana.

Vipi kuhusu viranja?

Ahsante kwa swali hili. Tunampa mtoto wa miaka kumi na miwili fimbo, tunamsimamisha getini awapige waliochelewa, halafu tunashangaa uonevu umetoka wapi. Zile kanuni nilizozitaja hazimtaji kiranja popote. Kiranja aandike majina, aishie hapo. Nayo karatasi ya majina ichunguzwe: nilikuwa na monita aliyekuwa akiuza nafasi ya kutoandikwa kwa ashikrimu moja. Biashara yake ilikwenda vizuri muhula mzima.

Mwanangu amepelekwa bweni, kidato cha kwanza. Anasema njuka (wanafunzi wapya) lazima wafue nguo za wakubwa. Nasi tulipitia, si ndiyo kukomazwa?

Tulipitia, na wengine wetu bado tunaota usiku. Kuchota maji kwa zamu iliyopangwa na shule ni kazi. Kuamshwa usiku umfulie mtu shuka, kufunguliwa sanduku la vyakula ulilofungashiwa na bibi yako, kuimbishwa juu ya kitanda huku wenzako wanakurushia kandambili, huo ni uonevu. Zungumza na matroni au patroni kabla ya kuondoka siku ya kumpeleka, umwone uso, na namba yake uwe nayo. Siku ya kutembelea wazazi kaa na mwanao pembeni, usimalize muda wote kwenye wali na kuku.

Watoto gani huandamwa zaidi?

Anayeonekana tofauti. Mwenye kigugumizi, aliyerudia darasa, aliyehamia kutoka Lushoto na lafudhi yake, mwenye viatu vilivyotoboka. Mtoto mwenye ualbino huandamwa mara mbili, kwa rangi na kwa sababu haoni ubao vizuri. Mweke mbele, na lile neno la zamani la kuwaita usiliruhusu darasani hata kwa mzaha. Wasichana huchekwa siku ya hedhi. Sketi ikichafuka mara moja, wapo ambao hawarudi shule wiki nzima. Weka khanga na pedi kwenye kabati la mwalimu wa kike, na wavulana wafundishwe hedhi ni nini, wasibaki kuifahamu kwa kunong'onezana.

Simu haziruhusiwi shuleni. Uonevu wa mtandaoni unatuhusu nini?

Simu ya mama inakaa wapi jioni? Kuna kesi niliyoletewa ya picha ya msichana iliyokatwa kwenye picha ya mahafali, ikageuzwa stika ya WhatsApp, macho yameongezwa ukubwa. Kufika asubuhi darasa zima lilikuwa nayo, na waliokuwa hawana simu walionyeshwa na wenye simu. Konde lina mwisho, stika haina.

Usifute. Piga picha ya skrini, ionekane namba iliyotuma na saa. Mtoto asijibu. Mwombe anayeendesha kundi aiondoe. Wakubwa walio kwenye makundi hayo wajue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalitaja kosa la kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa kihisia. Si mchezo wa watoto pale mjomba naye anapoisambaza stika.

Nianzie wapi? Niende kwa nani?

Mwalimu wa darasa kwanza, na daftari lako la tarehe. Akishindwa, mwalimu wa malezi, kisha mwalimu mkuu. Usipopata jibu, iko Kamati ya Shule (sekondari ni Bodi), halafu Afisa Elimu Kata. Afisa Ustawi wa Jamii yupo halmashauri na kesi hizi ni kazi yake. Namba 116 ni ya simu kwa mtoto, ni bure, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe. Iandike ukutani karibu na kalenda. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa akijua haki za mtoto zinavunjwa, kwa hiyo jirani akikusaidia kusema hajaingilia yasiyomhusu.

Ukijibiwa "hao ni watoto tu, yataisha", omba jibu hilo kwa maandishi. Mara nyingi utaona kiti kinavutwa na unaambiwa ukae.

Ameumizwa. Naweza kwenda polisi?

Ndiyo. Akiwa na jeraha kubwa kimbilia hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, na polisi uchukue fomu ya PF3 ili daktari aijaze. Kituoni ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Lakini usitegemee mtoto wa darasa la tatu afungwe, na ningeshangaa ukitaka hivyo. Kwa Kanuni ya Adhabu, mtoto wa chini ya miaka kumi hawajibiki kwa kosa la jinai, na wa chini ya kumi na miwili hawajibiki mpaka ithibitishwe alikuwa na uwezo wa kujua kwamba anakosa. Waliozidi hapo wana Mahakama ya Watoto.

Je, kama mwonevu ni mwanangu?

Mzazi aliyeniuliza hili alikuwa analia kuliko wazazi wote wa walioonewa. Usimtetee na usimuue kwa kipigo. Tafuta anakojifunzia: kaka yake, baba, kijiwe, au njaa. Nimewahi kumbana kijana aliyekuwa akinyang'anya wadogo hela, kumbe nyumbani wanapika mlo mmoja, usiku. Hilo halikumwondolea kosa. Hela zote zilirudishwa. Ila tulimtafutia uji pia.

Na chuoni, yaani madrasa, na kwenye daladala?

Mtoto anayeonewa darasani asubuhi mara nyingi anakutana na walewale chuoni alasiri, kwa hiyo mwambie na ustadhi. Kwenye daladala makonda huwasukuma wanafunzi kwa sababu ya nauli yao, na wakubwa nao wanajifunza kuwasukuma wadogo. Abiria mzima mmoja akisema "acha mtoto apande", hupanda. Nimejaribu.

Kuna siku maalumu ya kupinga uonevu shuleni?

Ipo ya kimataifa, Alhamisi ya kwanza ya Novemba, tangu mwaka 2020. Kwetu Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa na walimu wanasimamia. Kama una nguvu za siku moja tu kwa mwaka, mimi ningechagua wiki ya pili ya Januari, darasa la kwanza wanapoingia na masanduku ya vyakula yanapofika mabwenini. Na usiwaletee hotuba. Wape watoto wachore ramani ya shule yao, waweke alama nyekundu mahali wanapoogopa kupita. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili, alama nyingi zilikuwa nyuma ya vyoo na chini ya mti wa mkungu ulioko karibu na bomba. Tukahamisha kiti cha mwalimu wa zamu kikawa chini ya mkungu. Hatukutumia hata shilingi.

Nimhamishe shule?

Mara nyingine ndiyo, hasa kama shule imeshindwa na mtoto amekata tamaa. Ila jueni kwamba atakayeondoka ni aliyeonewa, na mwonevu Jumatatu atachagua mwingine. Kabla ya kuhama, peleka malalamiko kwa maandishi yabaki kwenye faili. Na kule anakokwenda, mwambie mwalimu wa darasa kwa siri, asianze upya peke yake.

Mwalimu, nikikuambia, utamwambia nani?

Hiki kikaratasi nilikiokota chini ya mlango. Nikajibu paredini, kwa kuwa sikujua ni nani aliyekiandika. Nilisema siwezi kuahidi kutomwambia mtu yeyote, kwani mengine siwezi kuyamaliza mwenyewe. Ila kabla sijamwambia mtu, nitakuambia wewe kwanza ni nani na nitasema nini. Kipindi cha michezo niko chini ya mkungu.